Edinburgh Fringe kwa mfuko wa kawaida: nililala Glasgow na sijutii

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasio na subira ya kusoma gazeti zima. Kama unaenda Edinburgh mwezi wa nane kwa ajili ya Fringe, lile tamasha kubwa la maigizo na vichekesho, na mfuko wako ni wa kawaida kama wangu, usilale Edinburgh. Lala Glasgow. Treni ni kama dakika hamsini tu, usiku treni zikiisha kuna basi linalotembea masaa 24, na hela unayookoa kwenye chumba inalipa nauli, inalipa tiketi za shoo na inabaki ya chipsi. Mpango mzima naupa nyota nne kati ya tano, hiyo moja iliyokatwa nitaieleza huko mbele, inahusu masufuria.

Kwa wasiojua, Fringe ilianza mwaka 1947. Edinburgh walifungua tamasha kubwa la sanaa baada ya vita, mambo ya opera na okestra, sasa kuna vikundi vinane vya maigizo havikualikwa, vikaja hivyo hivyo vikaonyesha pembeni kwenye kumbi zao za kutafuta. Ndo mwanzo wake. Mpaka leo hakuna kamati inayochagua nani apande jukwaani, ukipata ukumbi na ukilipa gharama zako unaonyesha, uwe mzuri uwe mbaya shauri la watazamaji. Kwa hiyo unakuta shoo zaidi ya 3,000 ndani ya wiki tatu na ushee, vichekesho, maigizo, sarakasi, mtu anaimba kwenye chumba cha nyuma cha baa chenye viti kumi na tano, na tiketi zinazouzwa zinapita milioni mbili na nusu kwenye mji ambao wakazi wake ni kama nusu milioni. Hapo bado lile tamasha lenyewe la kimataifa, bado la vitabu, bado gwaride la kijeshi pale kwenye ngome, vyote mwezi mmoja. Ushawahi kutafuta chumba Mji Mkongwe siku za Sauti za Busara? Basi zidisha, halafu bei weka kwa pauni.

Mimi naishi London huku mashariki, na mgeni wangu alikuwa mama mdogo kutoka Muscat. Joto la Oman la mwezi wa saba na wa nane mnalijua wenyewe mliopo huko, kila mwaka anatafuta pa kukimbilia, safari hii akanipigia akasema "mwanangu nipeleke kwenye baridi, lakini pawe na mambo, nisije nikakaa ndani natazamana na ukuta". Nikamwambia mama mdogo, papo, na baridi yake utaikimbia mwenyewe. Sasa mama mdogo ana goti moja linamsumbua, na hilo goti limeamua nusu ya haya ninayoandika, kwa hiyo kama unasafiri na mtu mzima au una mtoto wa kwenye kigari soma vizuri sehemu ya ngazi.

Habari ya karatasi niipitie haraka. Mwenye pasi ya Oman (na nchi nyingine za Ghuba) siku hizi haombi viza, anaomba kibali cha kusafiri kiitwacho ETA kwenye simu, mama mdogo mwaka jana alilipa pauni 16 na jibu likaja kabla hata sijamaliza kumuelekeza. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani anahitaji viza ya matembezi, ada ni zaidi ya pauni 120 na hairudishwi wakikunyima. Sasa hapa ndo watu wanapigwa: wananunua tiketi za treni na vyumba visivyorudishiwa hela kabla viza haijatoka. Vyumba vingi vya vyuo na hoteli vina bei mbili, ya kufuta bure na ya kutofuta. Kama unasubiri viza chukua ile ya kufuta bure hata kama imezidi kidogo.

Turudi kwenye chumba. Tulianza kutafuta Edinburgh yenyewe kama kila mtu. Hoteli zile za kawaida kabisa, za kitanda, birika na televisheni, ambazo mwezi wa pili unapata kwa pauni sitini sabini, Agosti wikiendi zilikuwa mia mbili kwenda juu. Kitanda cha juu kwenye chumba cha watu kumi na mbili hosteli, yaani unapanda ngazi kwenda kulala huku mtu anakoroma chini yako, kilikuwa bei ya hoteli nzuri ya mji mwingine. Sasa fikiria mama mdogo na goti lake anapanda kitanda cha juu. Hosteli zenyewe sio mbaya jamani, Castle Rock kwa mfano imekaa chini ya ngome kabisa, ukiwa na miaka ishirini na marafiki nenda tu, lakini weka nafasi mapema kweli kweli, mwezi wa sita umeshachelewa.

Halafu kuna kitu watu hawaangalii, Murrayfield. Ule ni uwanja mkubwa wa raga wa Edinburgh, na kiangazi wanaukodisha kwa matamasha ya muziki. Mwaka jana 2025 Oasis walipiga pale tarehe 8, 9 na 12 Agosti, katikati ya Fringe, na tarehe 21 wakaja AC/DC. Hizo tarehe bei zilichangamka mpaka vijiji vya pembeni. Sisi tulikuwa tunashangaa kwanini wiki moja iko ghali kuliko nyingine wakati Fringe ni ile ile, kumbe ndo hiyo. Kwa hiyo kabla hujachagua tarehe fungua ratiba ya Murrayfield kwanza, halafu ndo ufungue za vyumba. Na kama kazi inakuruhusu nenda Jumapili mpaka Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi waachie wenye hela.

Nyumba za watu binafsi je? Zipo lakini zimepungua. Uskoti waliweka sheria, tangu Oktoba 2023 mtu akitaka kukodisha nyumba yake kwa wageni wa muda mfupi lazima awe na leseni, na tangazo lazima lionyeshe namba ya leseni hiyo. Hii sheria imepandisha bei, ndio, lakini kwako wewe mtafutaji ni silaha. Kuna mtu nilimpata mtandaoni ana fleti nzuri sana karibu na Royal Mile, ule mtaa mkuu wa mji wa zamani, bei nusu ya wenzake, picha zinang'aa, anasema yuko nje ya nchi kikazi, nimtumie hela ya siku zote benki kwa benki halafu funguo nitaikuta kwenye kiboksi mlangoni. Nikamuuliza namba ya leseni. Akaniambia inashughulikiwa. Nikamuuliza basi anitajie mtaa wenyewe. Kimya mpaka leo. Matapeli wa mwezi wa nane wako wengi na wanajua watu wamechoka kutafuta, usitume hela kwa mtu nje ya mtandao wa malipo unaokulinda, hata akikuita dada yangu wa damu.

Basi ndo nikageukia Glasgow. Watu wa London wanaiogopa Glasgow bure, wanaiona mji wa ugomvi na mvua. Mvua ipo kweli. Lakini watu wake wana maneno na wana msaada, shida tu ni lafudhi, mimi nina miaka hapa Uingereza na bado yule mzee wa mapokezi nilimuomba arudie alichosema mpaka nikaona aibu nikaanza kutabasamu tu, mama mdogo ndo akawa anaelewana naye vizuri sijui kivipi.

Tulichukua vyumba vya wanafunzi. Vyuo vya pale wanafunzi wakishaondoka kiangazi vinakodisha mabweni kwa wageni, na wengi hawajui kwa sababu havijitokezi juu kwenye zile apu kubwa za hoteli, inabidi uingie kwenye tovuti ya chuo chenyewe utafute sehemu ya malazi ya kiangazi. Tulipata vyumba viwili, kila mtu na chake, kitanda cha mtu mmoja, meza ya kusomea, bafu na choo humo humo, jiko mnashirikiana na vyumba vingine vya korido yenu. Kila kimoja kilikuwa pauni hamsini na kitu kwa usiku na wikiendi bei haikusogea. Mashuka na taulo wanatoa, intaneti ina kasi kuliko ya kwangu nyumbani, na kutoka hapo mpaka kituo cha treni cha Queen Street ni mwendo wa dakika kumi. Niliwaandikia mapema kwamba nina mtu mzima, wakatupa ghorofa ya chini bila kuongeza hata senti. Hilo naomba mlishike, andika mapema uombe, ukisubiri mpaka ufike utapewa kilichobaki.

Sasa ile nyota niliyokata. Jikoni kuna jiko, friji, maikrowevu, birika, lakini hakuna sufuria, hakuna sahani, hakuna hata kijiko. Wanasema kwenye maelezo, kwa maandishi madogo chini kabisa. Mama mdogo alifungua makabati yote akasema "hawa wanafunzi wao wanakula vitabu?" Tukatoka tukanunua kikaango na sufuria moja duka la bei rahisi. Na jambo la pili, kengele za moto za mabweni zina hasira, mama mdogo kaweka chapati ya kwanza tu, moshi kidogo sana, jengo zima nje na nguo za kulalia. Wachina wawili wa korido yetu baadae walikuja kuonja hizo chapati, wakasema kelele ilistahili. Godoro ni la mwanafunzi pia, jembamba, mgongo ukiwa na historia utalalamika.

Hesabu yenyewe niiweke wazi. Vyumba viwili kama pauni mia na kidogo. Tiketi ya kwenda na kurudi Edinburgh kwa siku ile ile ilikuwa chini kidogo ya pauni 17 kwa mtu. Jumla haifiki mia na arobaini kwa watu wawili, kila mtu na chumba chake na bafu lake. Kule Edinburgh mia mbili na zaidi ni chumba kimoja tunabanana. Tofauti ya kila usiku ndo hiyo, jumlisha mwenyewe.

Mwaka jana treni za asubuhi za watu wa kazini zilikuwa karibu mara mbili ya bei, ikabidi tusubiri mpaka saa tatu na kitu asubuhi ndo tuondoke. Habari njema ni kwamba ScotRail, kampuni ya treni ya Uskoti, wamefuta hiyo bei ya asubuhi na jioni tangu tarehe 1 Septemba 2025, sasa nauli ni moja siku nzima, hata shoo ya saa nne asubuhi unaiwahi bila kulanguliwa. Mchana treni ni kila robo saa, huna haja ya kuwahi wala kuweka nafasi ya siti. Ila ujanja mmoja: kurudi panda Waverley, kituo kikuu cha Edinburgh, pale inapoanzia, usipande kituo kinachofuata cha Haymarket hata kama uko karibu nayo, kwa sababu ikifika Haymarket ishajaa na utasimama mpaka Glasgow, na siku ya mechi au muziki Murrayfield ndo usijaribu kabisa, umati wote unaingilia hapo.

Treni ya mwisho kutoka Edinburgh ni kama saa tano na nusu usiku, angalia siku yako maana Jumapili ni tofauti. Hapa ndo kipimo halisi cha malazi ya Fringe, na watu wengi wanaangalia bei ya chumba tu wanasahau kuuliza nitarudije. Shoo nyingi nzuri za vichekesho ni usiku wa manane. Nimeona watu wamelala Uskoti mashariki huko kwenye miji midogo mizuri, rahisi, halafu kila siku saa nne usiku wanatazama saa kama wanafunzi wa bweni. Glasgow ina dawa yake, basi la Citylink namba 900. Linatembea usiku na mchana, linatoka kituo cha mabasi cha Edinburgh pale pembeni ya St Andrew Square mpaka Buchanan katikati ya Glasgow, kama saa moja na robo hivi. Tulilipanda baada ya shoo iliyoisha saa saba usiku. Mama mdogo alilala mpaka mwisho, dereva mpole, basi safi, ndani wamejaa wahudumu wa baa na wachekeshaji wamechoka na mabango yao mikononi. Hilo basi peke yake nalipatia nyota tano. Tiketi nunua kwenye apu yao kabla, wikiendi linajaa.

Kutoka London kwenda juu sasa. Rahisi kuliko vyote ni basi la usiku kutoka kituo cha mabasi cha Victoria, National Express na FlixBus wote wanaenda, masaa tisa na zaidi. Mimi nilishapanda basi la usiku la kampuni moja safari nyingine ya huko na sikumshauri mama mdogo hata kidogo. Choo kilifungwa kabla hatujatoka London, hita ilikuwa inapuliza upande mmoja tu, upande wangu barafu upande wa pili wanavua mashati, tukafika alfajiri mvua inanyesha, hakuna kilichofunguliwa na chumba mpaka saa tisa alasiri. Wanasema unaokoa usiku mmoja wa hoteli. Hauokoi kitu, siku ya kwanza yote unaisinzia kwenye viti vya ukumbi uliolipia tiketi.

Treni ukiwahi sio ghali hivyo. Tiketi za bei ya chini huwa zinafunguliwa kama wiki kumi na mbili kabla, na za Agosti zinaisha upesi. Kutoka kituo cha King's Cross kwenda Edinburgh kuna kampuni mbili za treni, LNER na Lumo, wote ni kama masaa manne na nusu. Lumo walianza Oktoba 2021, daraja ni moja tu hakuna la kwanza, na mara nyingi ndo wenye bei nzuri. Ila wewe unayelala Glasgow usisahau kwamba kuna njia nyingine kabisa, kutoka kituo cha Euston, London hapo hapo, kwenda Glasgow Central, muda ni ule ule. Linganisha zote mbili. Sisi tulikwenda kwa Euston tukashukia mlangoni Glasgow na mizigo yetu, na kurudi tukachukua Lumo kutoka Edinburgh. Kwa watu wawili mnaosafiri pamoja nunueni ile Railcard ya Two Together, yaani kadi ya punguzo la treni ya watu wawili, pauni 35 kwa mwaka, picha zenu wote wawili zinawekwa, mnakatwa theluthi ya nauli. Siku za kazi haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, baada ya hapo inafanya, na inafanya hata kwenye treni za Glasgow na Edinburgh. Safari moja tu ishajilipa. Sharti ni msafiri pamoja, msigombane njiani.

Edinburgh yenyewe ukishafika, ramani ya simu itakudanganya. Huu mji umejengwa ghorofa. Unaona kwenye ramani barabara mbili zinakatana, George IV Bridge na Cowgate, unasema nakata kulia hapa, kumbe moja ni daraja na nyingine iko chini yake huko shimoni, inabidi ushuke ngazi au uzunguke. Kituo cha Waverley nacho kiko bondeni. Vichochoro vya kupanda Royal Mile ni ngazi tupu, vizuri kwa picha, kwa goti ni adhabu. Tulichofanya ni kupanda lifti ya kituoni mpaka Princes Street, halafu basi la Lothian linalokatiza madaraja mpaka Nicolson Street, ukishuka hapo uko juu tayari, sehemu tambarare, na kumbi nyingi kubwa ziko karibu, za waandaaji wa shoo kama Underbelly na Assembly kule Bristo Square na George Square. Pale ndo pawe makao yako ya mchana. Msikiti mkuu uko hapo hapo Potterrow, na Mosque Kitchen wanauza wali na mchuzi, halali, sahani ya kushiba, bei ya kibinadamu kabisa kwa mji huo na mwezi huo. Mama mdogo alisema pilipili yao ina adabu sana, akaomba ya ziada.

Nauli ya mabasi ya mjini ni pauni mbili na senti kidogo, unagusisha kadi ya benki na ikifika kiwango cha siku hawakukati tena. Ukilipa keshi uwe na hela kamili, chenji hawatoi. Tramu ni bei hiyo hiyo isipokuwa ya uwanja wa ndege ambayo wameipandisha sana, wenyeji wasio na mizigo mikubwa wanatembea kwa miguu mpaka kituo kinachofuata, Ingliston Park and Ride, wanapandia hapo kwa nauli ya mjini. Nguo beba za baridi hata kama wanaita kiangazi, joto la mchana ni kama nyuzi 19 ikijitahidi, na kuna siku ukungu unapanda kutoka baharini, wenyewe wanauita haar, jua linapotea saa nane mchana. Mama mdogo alifurahi kuliko mtu yeyote niliyemuona Uskoti.

Kama Glasgow hutaki, kuna sehemu nyingine nilizipitia nikaziacha. Mabweni ya Pollock Halls ya chuo kikuu cha Edinburgh yako pazuri, chini ya mlima ule Arthur's Seat, lakini Agosti bei yake inajua iko wapi. Queen Margaret University kule Musselburgh iko mlangoni kwa kituo cha treni, dakika chache sana mpaka Waverley, hii kwa mwenye watoto ningeiweka ya kwanza. Heriot-Watt iko nje ya mji magharibi, basi namba 25 linakwenda, mwendo mrefu kidogo ila unakaa. Kirkcaldy ng'ambo ya maji ni rahisi, na treni inapita juu ya lile daraja jekundu la Forth la mwaka 1890, pazuri mno, ila kurudi usiku ndo shida ile ile niliyosema. Kwa wenye hema kuna kambi ya Mortonhall kusini mwa mji. Mimi na mvua ya Uskoti ndani ya hema hapana, asanteni.

Mwaka huu wa 2026 kuna mapya. Fringe ni tarehe 7 mpaka 31 Agosti. Edinburgh wameanzisha kodi ya wageni, asilimia 5 ya bei ya chumba kwa usiku unaolala kuanzia tarehe 24 Julai 2026, inahesabiwa siku tano za mwanzo tu za kukaa kwako. Sio hela nyingi lakini kwenye chumba cha mia mbili kila usiku ni pauni kumi za hewa. Glasgow ya kwao inaanza Januari 2027, kwa hiyo kiangazi hiki bado. Ila Glasgow nayo ina Michezo ya Jumuiya ya Madola kuanzia tarehe 23 Julai mpaka 2 Agosti, timu za kwetu zinakuja, na vyumba vya wiki hiyo ni vya moto. Usijaribu kuunganisha vyote viwili labda una ndugu wa kukulaza. Kuanzia tarehe 7 mambo yanatulia, na mabweni tuliyolala ukitafuta sasa hivi tarehe za katikati ya wiki zipo.

Kwa mnaotoka Dar, Muscat au Dubai, angalieni pia kama kweli mnahitaji kupita London. Emirates wanatua Glasgow moja kwa moja kutoka Dubai, na Edinburgh pia wamerudi tangu Novemba 2024, Qatar nao wanatua Edinburgh kutoka Doha. Mama mdogo safari ijayo hataki kusikia habari za Heathrow, anataka ashuke Glasgow, na pale uwanjani basi namba 500 linakupeleka mpaka Buchanan, kituo kile kile cha lile basi la usiku.